Ila Zirudiazo: Taarikhi Fupi ya Magari na Mafundi wa Ntimaru

Wenye magari wa Ntimaru, mji mdogo wa mashariki ya nchi ya Wakuria ambako vilima vya Bwirege hupakana na Tanzania kwa upande mmoja na nchi ya Wamaasai wa Transmara kwa upande wa pili, wana lalamiko moja ambalo baba alilisema kabla ya mwana, na mwana hulisema leo kwa maneno yaleyale: kwamba gari lilipelekwa kwa fundi, likafunguliwa, likafungwa, ujira ukalipwa, na kabla mwezi haujaandama ila ileile ikarudi. Mwenye gari humshutumu fundi kuwa hajui kazi. Fundi humshutumu mwenye gari kuwa ni bahili wa kununua spea. Na wote wawili, wakichoka kushutumiana, huishutumu barabara. Kila mmoja katika hao ana sehemu yake ya haki, lakini mimi naona kwamba asili ya taabu hii iko nyuma zaidi kuliko wanakotazama. Gari liliingia katika nchi hii bila ya daftari lake, na ufundi wa kulitengeneza ukarithiwa kwa macho na mikono bila ya kuandikwa, hata ikawa kila tengenezo ni mwanzo mpya, kana kwamba chombo kile hakijapata kuguswa na mtu.

Ili kulifahamu jambo hili yapasa kukumbuka jinsi Ntimaru ilivyokuwa mbali na kila kitu ambacho gari hukihitaji. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliwagawa Wakuria kwa mstari uliochorwa juu ya karatasi kutoka pwani hadi ziwa la Nyanza, ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta raia wa dola mbili. Na upande wa kaskazini, ambao ulitiwa katika wilaya ya Kavirondo Kusini, ukawa unatawaliwa kutoka Kisii. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na kutoka hapo bidhaa za kusini zilipakiwa katika meli za ziwani kwenda Kendu, Homa Bay na Karungu, kisha zikaendelea bara kwa vichwa vya wapagazi na migongo ya punda. Malori yalipoanza kuonekana katika wilaya hii, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, yalikuwa ya serikali, ya wamisionari na ya wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja kununua mahindi, samli na ngozi. Na Ntimaru ilikuwa mwisho wa njia ya udongo mwekundu, ambao wakati wa masika huwa utelezi na wakati wa kiangazi huwa vumbi na makorongo.

Kipande cha chuma kilichovunjika mahali kama hapo kilikuwa na safari ndefu mbele yake. Kilitafutwa kwanza Kisii, na kisipopatikana Kisumu, na kisipopatikana Kisumu Nairobi, na ikiwa hata Nairobi hakikuwapo basi kiliagizwa kutoka Uingereza au Marekani na kungojwa kwa miezi. Dereva wa zama zile, kwa sababu hii, hakuweza kuwa dereva tu. Alipaswa kujua kuziba tyubu kando ya njia, kusafisha plagi na kabureta, kuifunga springi iliyovunjika kwa ukanda wa ngozi mbichi ambao ukikauka hukaza, na kuliendesha gari hivyohivyo hadi mjini. Huu ulikuwa ustadi wa kweli, na sioni vizuri kuutweza. Lakini ulikuwa ustadi wa kufika, si wa kuponya. Kilichofungwa kwa ukanda leo kilitakiwa kifunguliwe kesho na kutiwa kipya, na hicho kipya kilipokosekana, ukanda ukawa ndio springi. Tabia ya kuridhika na kile kilichowezekana siku ile ilizaliwa hapo, katika dhiki ya umbali, wala haikuzaliwa katika uvivu wa mtu yeyote.

Walimu wa kwanza wa sanaa hii katika miji ya Nyanza walikuwa aghalabu Makalasinga, mafundi wa chuma na mbao ambao wao au wazazi wao waliletwa kujenga na kuendesha reli, kisha wakafungua karakana zao Kisumu na Kisii. Chini yao kijana wa Kiafrika aliingia kazini kama spanaboi: alishika taa, aliosha vyuma kwa mafuta ya taa, alipokea spana na kuitoa kwa namba yake, na baada ya miaka kadhaa ya kutazama bila ya kuelezwa, siku moja aliachiwa injini aifungue peke yake. Serikali ilifungua chuo cha ufundi Kabete mwaka 1924, lakini nafasi zake zilikuwa chache na Kabete ilikuwa mbali. Kwa hiyo maarifa mengi yalipita kwa njia ya spanaboi, na njia hiyo ina fadhila yake na ina taksiri yake. Fadhila ni kwamba mkono hujifunza kile ambacho kitabu hakiwezi kusema, mathalan ni kwa nguvu gani nati hukazwa kabla ya kukatika. Taksiri ni kwamba kijana hurithi pamoja na ustadi wa bwana wake makosa ya bwana wake, na hana mahali pa kuyapima.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, nayo ndiyo iliyoleta nchini jambo ambalo lingeweza kubadilisha mwendo mzima wa habari hizi. Wakuria walijulikana kwa kuingia jeshini, na wengi walivaa sare za King's African Rifles na za vikosi vya uchukuzi vya Afrika ya Mashariki, wakaenda Uhabeshi na, mwaka 1944, Burma. Huko baadhi yao walifundishwa kuendesha na kutunza malori kwa utaratibu ambao hawakupata kuuona kwao. Katika jeshi kila gari lilikuwa na kitabu chake, na katika kitabu hicho iliandikwa tarehe ya kubadilishwa oili, maili zilizokwendwa, kipande kilichotolewa na kipande kilichotiwa, na jina la aliyefanya kazi. Na askari aliyelipokea gari asubuhi alilikagua kabla ya kuliwasha, kila siku sehemu yake, liwe bovu au zima. Gari lilipobadilisha dereva, habari zake hazikupotea, kwa maana zilisafiri pamoja nalo.

Askari hao walirejea mwaka 1945 na 1946. Wengine waliajiriwa kuendesha malori ya wafanyabiashara, na wengine walichanga fedha zao za jeshini na kununua magari makuukuu yaliyochoka, katika wakati ambao Waafrika wa Nyanza walikuwa na hamu kubwa ya kuingia katika biashara. Oginga Odinga aliiasisi Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947 kwa hamu hiyohiyo. Lakini mikono ndiyo iliyorudi nyumbani, kitabu kikabaki kambini. Hakuna aliyemwambia mwenye lori moja lililochakaa kwamba zile karatasi za jeshini, ambazo pengine aliziona kuwa ni adha ya wazungu, ndizo zilizokuwa nusu ya ufundi. Ninapoulizwa ni wakati gani nafasi ya kuondokana na ila zirudiazo ilipotea katika nchi hii, jibu langu ni kwamba ilipotea katika miaka hiyo.

Miaka ya baada ya uhuru naipita kwa haraka, maana magari yake yalikuwa na huruma. Land Rover, lori la Bedford na Peugeot 404, ambayo ilijipatia sifa kubwa kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1963 na tena mwaka 1966, 1967 na 1968, vilikuwa vyombo ambavyo kila kiungo chake kilionekana kwa jicho na kila ugonjwa wake ulisikika kwa sikio. Fundi mzuri aliweza kusimama kando ya injini, akaisikiliza, akasema ni vali au ni beringi, na akawa amesema kweli. Kilimo cha tumbaku, kilichoenea Kuria tangu miaka ya 1970, kilileta malori mengi zaidi vijijini na kazi nyingi zaidi kwa mafundi. Taabu ya miaka hiyo ilikuwa spea, kwa sababu fedha za kigeni zilitolewa na serikali kwa kibali na kwa kipimo. Na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka 1977 na usifunguliwe tena hadi mwaka 1983. Kwa watu wa Ntimaru, ambao jamaa zao na masoko yao yalikuwa pande zote mbili, kufungwa kwa mpaka kulikuwa kama kufungiwa mlango mmoja wa nyumba. Katika dhiki hiyo kipande kilichokwisha kilichongwa, kikachomelewa, kikarudishwa mahali pake, na kikaisha tena.

Katika kipindi hichohicho ndipo mafundi wasio na karakana walipopata jina la jua kali na kutambuliwa kuwa ni watu wa maana katika uchumi. Shirika la Kazi Duniani liliandika juu yao katika taarifa yake ya mwaka 1972 kuhusu Kenya. Rais Moi aliwatembelea wale wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985 na kuagiza wajengewe vibanda. Na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa sera kwa ajili yao. Vibanda ni jambo jema, na mvua ya Bwirege si ya kudharauliwa. Hata hivyo, katika yote waliyopewa mafundi hawa, na hayakuwa mengi, sikuona aliyewapa daftari.

Sasa nifike kwenye gari lililoijaza Ntimaru na nchi yote ya Kisii na Migori, nalo ni Toyota Probox. Kenya ilipolegeza masharti ya biashara katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yalianza kuingia kwa wingi kupitia bandari ya Mombasa, na baadaye kanuni ya KS 1515 ya shirika la viwango ikaweka sharti kwamba gari lisiwe limezidi umri wa miaka 8. Probox iliundwa mwaka 2002 kuwa gari la makampuni ya Japani la kubebea vifurushi na sampuli katika barabara za lami, na sheria ya kwao iliipa watu 5 pamoja na dereva. Katika barabara zetu hubeba 9, na siku ya soko hubeba zaidi, pamoja na magunia nyuma na kuku juu. Siwalaumu abiria, kwa kuwa hawana gari jingine la kuwafikisha. Lakini bushi, boljointi na shokabsova za mbele zilizokadiriwa kwa uzito mmoja hazitakaa zikibebeshwa mwingine juu ya mawe, hata fundi awe nani. Hapa kurudi kwa ila si kosa la ufundi hata kidogo, na insafu yataka isemwe hivyo.

Ila nyingine ni za namna tofauti, na hizi ndizo zinazouma. Ukifungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani, aghalabu utakuta kwenye fremu yake kibandiko kidogo kilichofifia, chenye tarehe na idadi ya kilomita, ambacho fundi wa huko alikibandika alipobadilisha oili. Tarehe hiyo huandikwa mara nyingi kwa miaka ya mfalme wao, kwa hiyo namba 27 hapo ni mwaka wa 27 wa Heisei, yaani 2015. Na ndani ya kijaluba cha dashibodi huwamo wakati mwingine kitabu chembamba cha huduma zote lilizopata gari hilo, kwa mhuri na tarehe, kwa hati ya Kijapani. Hicho ndicho kile kitabu cha jeshi, kimetufikia tena kutoka upande mwingine wa dunia! Nacho hutupwa siku ya kuoshwa gari, kwa kuwa hakuna wa kukisoma. Na kibandiko hukwaruzwa ili rangi ipendeze. Mita ya kilomita, ambayo wako wafanyabiashara wasio na haya wanaoirudisha nyuma, hubaki shahidi peke yake, na ushahidi wake si wa kuaminiwa.

Fundi anapolipokea gari la namna hii hajui lilikotoka wala lililopitia. Nilisimama siku moja sokoni Ntimaru, mahali ambapo magari hutengenezewa kando ya njia, nikamtazama kijana mwenye mikono mizuri ya kazi akilishughulikia gari lililokuwa likichemka. Alifungua mpira wa maji ulioingia katika injini, akatoa nati mbili, akachomoa thamostati, kijidude cha ukubwa wa kizibo chenye springi na duara la shaba, akaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu.

"Mzee, hii ndiyo adui yako," akamwambia mwenye gari. "Hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haina kazi."

Mwenye gari, mtu wa makamo, akauliza kwa upole, "Fundi, hii ni mara ya tatu linachemka. Wa kwanza alibadilisha kifuniko, wa pili akaosha rejeta. Ukiitoa hiyo, tumemaliza?"

"Tumemaliza, mzee wangu. Panda nalo mlima uone."

Huyu kijana hakuwa mdanganyifu. Alisema alichofundishwa, na waliomfundisha walisema hivyohivyo kwa nia safi. Lakini thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya tu. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke hadi injini ifike joto lake la kufanyia kazi, ambalo ni kadiri ya nyuzi 80 hadi 90, kisha kuyafungulia kwa kipimo. Ikitolewa, injini hukawia kupata joto, hasa katika asubuhi za baridi za vilima hivi. Kompyuta ya gari hudhani ni wakati wa kuwasha na kuzidisha mafuta, petroli huisha upesi na oili huchafuka. Na ile sababu ya kwanza ya kuchemka, iwe ni feni isiyozunguka, au rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya mtoni, au gasketi ya silinda hedi iliyoanza kuungua, hubaki mahali pake ikingoja mlima mrefu na mzigo mzito. Mafundi watatu waliligusa gari lile, kila mmoja akashughulikia kitu kimoja, na hakuna aliyejua kwa yakini mwenzake aliona nini. Laiti pangalikuwako karatasi moja yenye mistari mitatu, wa tatu angalianza pale alipoishia wa pili.

Hivyohivyo ndivyo ilivyo kwa ile taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi. Kuna mafundi waliokwisha kununua mashine za kuisoma, nao wanastahili sifa. Lakini wako wanaochomoa waya wa betri, taa ikazimika, gari likakabidhiwa, na baada ya safari chache taa ikawaka tena. Na ziko ila ambazo hata fundi bora hana uwezo nazo, kwa sababu zilitoka kiwandani. Makampuni ya magari yaliporudisha mamilioni ya magari duniani kwa ajili ya mifuko ya hewa ya Takata, kampuni iliyofilisika mwaka 2017, barua ziliandikwa kwa wenye magari ambao majina yao yalijulikana. Mtu aliyenunua gari la mkono wa tatu Mombasa na kulipeleka Ntimaru hayumo katika orodha ya mtu yeyote.

Je, sheria inasemaje? Wengi hawajui kwamba inasema mengi. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika mwaka 2013, ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari: mtengenezaji hutakiwa kutoa makadirio ya gharama kabla ya kazi, kupata idhini ya mwenye gari, kumrudishia vipande vilivyotolewa, kumpa hati ya malipo, na kudhamini spea na kazi yake kwa muda maalumu. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 nayo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, imekusudia madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yasikizwe upesi na kwa lugha nyepesi. Fundi pia hakusahauliwa, kwani gari lililotelekezwa karakanani bila ya kulipiwa ana njia ya kulishughulikia kisheria. Lakini zote hizi husimama juu ya ushahidi, na mapatano ya Ntimaru hufanywa kwa mdomo, kwa kuaminiana, na fedha hutolewa vipande vipande kadiri zinavyopatikana, nusu asubuhi ya kununulia spea na nusu jioni au mwezi ujao. Uaminifu huo ni hazina ya watu wa nchi hii, nami nauheshimu. Hata hivyo ukivunjika, hakuna upande unaoweza kuthibitisha neno lake, na fundi hudhulumiwa ujira wake mara nyingi kama mwenye gari anavyodhulumiwa matengenezo yake.

Nawasihi basi wenye magari wa Ntimaru, na wa miji mingine ya Wakuria kama Kegonga na Kehancha, wanunue daftari la shule, walitie ndani ya gari, na wasikubali gari litoke mikononi mwa fundi kabla ya kuandikwa tarehe, kilomita, ila iliyoonekana, kipande kilichotolewa na kipande kilichotiwa, na jina la aliyefanya kazi; na kipande kikuukuu wakiombe wapewe. Nawasihi mafundi wasilione hilo kuwa ni kutoaminiwa, kwa maana litawatetea wao kwanza. Wanaofundisha ufundi wa magari katika vyuo vya kaunti waifanye kazi ya kuandika kuwa sehemu ya mtihani kama ilivyo kazi ya kufungua injini. Na kama yuko msomaji ambaye baba yake au babu yake alirudi kutoka Burma akaendesha lori katika vilima hivi, akae naye kama yu hai, au na rafiki zake waliobaki, ayaandike anayoyakumbuka juu ya magari yale na namna yalivyotengenezwa, kwa kuwa wazee hao wamebaki wachache sana.